Buti za Mlinzi wa Tangi

Saa tano kasorobo asubuhi, Jumatatu, buti za mlinzi hazikuwa mahali pake. Mama Viatu aliliona hilo kabla hajaweka mkoba chini. Jozi nyingine zote zilikuwa kwenye rafu ya studio kama alivyoziacha: kandambili za msusi, viatu vya ngozi vya mwalimu mkuu, raba zilizoisha kisigino za dereva wa lori. Kati ya kandambili na raba palikuwa na pengo tupu, na vumbi limechora umbo la soli mbili kubwa.

Alizikuta juu ya meza ya mwandishi, zimesimama pembeni ya kikombe cha chai.

"Shemeji," alisema, "buti za watu haziwekwi mezani."

"Kaa kwanza, shemeji."

"Nikisimama nasikia vizuri tu."

Mwandishi alikuwa mdogo wa marehemu mumewe. Alikuwa na uso uleule, ila mwembamba zaidi. Siku zote alipokuwa na jambo zito alifuta miwani isiyo na uchafu, na sasa alikuwa akiifuta.

Tamthilia yao ya redio ilikuwa ya kutisha, ikirushwa kila Alhamisi baada ya taarifa ya habari ya jioni, na yote ilitokea katika mji mmoja mdogo ambao haupo popote. Mji wenyewe haukuwahi kupewa jina. Mwandishi alikataa tangu mwanzo: ukiupa jina, alisema, kila msikilizaji atapumua, atajua si kwao. Ulikuwa na barabara moja, tanuri la mikate, saluni, shule, na juu ya kilima tangi la maji lenye kibanda cha mlinzi. Kila msimu kitu fulani kilitoka kwenye lile tangi, na kila msimu mtu fulani hakuamka. Wasikilizaji waliujua mji ule kuliko mitaa yao. Kuna bwana aliwahi kupiga simu kuuliza kama kuna chumba cha kupanga karibu na saluni. Fundi mitambo akamjibu bila kucheka, "Vyumba vipo tele, mzee. Wapangaji ndio hawadumu."

Mji uliojengwa kwa maneno ya mwandishi ulisimama kwa miguu ya Mama Viatu. Sakafuni mwa studio palikuwa na trei ya kokoto, trei ya mchanga, ubao na kigae. Kila mkazi wa mji alikuwa na viatu vyake, na Mama Viatu ndiye aliyevivaa, akapiga hatua bila kusogea mbele ya kipaza sauti, huku waigizaji wakisoma. Alikuwa akimtembeza mwalimu mkuu kwa hasira na msusi kwa maringo. Hakuwa amewahi kusema neno hata moja hewani.

Mkazi akifa, viatu vyake hufungwa kamba pamoja, vikatundikwa nyuma ya mlango, havitembezwi tena. Walijifunza kwa aibu. Zamani walimpa tarishi viatu vya mwoka mikate aliyekuwa amekwisha kuzikwa, na simu hazikupumzika wiki nzima: mwoka mikate kafufuka, mbona mnatuficha?

Buti za mlinzi wa tangi zilikuwa za mume wake mwenyewe. Ndiye aliyekuwa sauti ya mlinzi, na ndiye aliyezileta, akisema mlinzi bila buti ni mgeni tu aliyekosa kitanda. Alikuwa na goti bovu la tangu ujana, aliumia uwanjani, na mwandishi akampa mlinzi goti hilohilo. Ili Mama Viatu ajifunze mwendo ule, mume na mke walisimama uso kwa uso, yeye upande huu wa trei na mkewe upande ule. Mume akapiga hatua, mke akaiga, mpaka fundi aliyekuwa amefumba macho akashindwa kusema ni nani anayetembea. Ndivyo walivyojifunza mwendo wa kila mtu katika studio ile, kwa kutazamana.

Kisha akaugua, akalazwa, akafa. Mama Viatu hakuwepo kando ya kitanda. Alikuwa ameshuka kwenye dirisha la dawa, na aliporudi na mfuko mkononi, mama mkwe wake alikuwa ameshamfunika mwanawe uso.

Tangu hapo mlinzi wa tangi hakusema tena. Alitembea tu. Alipita barabarani usiku wa tamthilia, akaburuta mguu kwenye kokoto, akakohoa kikohozi cha zamani ambacho fundi alikuwa nacho kwenye mashine, akaondoka.

"Watu wanauliza mbona mlinzi amekuwa bubu," mwandishi alisema. "Nimevuta kadiri nilivyoweza. Alhamisi hii anakwenda."

"Anakwenda wapi?"

"Shemeji, usinifanyie hivyo. Anakufa. Anatoka kibandani, anakaa kwenye kiti chake, msusi anapita, anamwona anakata roho. Hana maumivu. Nimemwandikia kifo kizuri kuliko vyote vya mji ule."

"Wewe unadhani kuna kifo kizuri?"

"Nadhani kuna kibaya zaidi. Ni kaka yangu. Kila nikisikia zile hatua natoka studio naenda kusimama chooni kama mtoto aliyefukuzwa darasani. Hujaona?"

Alikuwa ameona. Lakini nyumbani kwake, kila Alhamisi, mama mkwe alivuta kiti karibu na redio, akafunga macho, na hatua zilipoanza mikono yake iliacha kutetemeka. Na yeye mwenyewe, akiwa ndani ya zile buti, alikuwa na dakika chache kwa wiki ambazo mumewe alikuwa na uzito. Viatu hivyo vikifungwa kamba, hilo nalo limekwisha.

"Basi aingie kibandani, mlango ufungwe," alisema. "Msimwonyeshe akifa. Aingie tu."

Mwandishi alivaa miwani yake. "Shemeji. Unaujua mji ule kuliko mimi."

Aliujua. Kulikuwa na sheria moja ambayo tamthilia haikuwahi kuivunja: mtu lazima aonekane akifa. Aliyeingia mahali akafungiwa mlango, bila jicho la mtu kuthibitisha, alirudi. Hakuna hata mmoja aliyerudi akiwa mwema.

"Atakaa kitini, msusi atamwona," mwandishi alisema. "Tumemaliza."

*

Walirekodi Jumatano. Msusi, ambaye nje ya studio alikuwa mama wa watoto wanne na mpenda umbea, alisoma vizuri mpaka fundi akajifuta jicho kwa pindo la shati. Mama Viatu alimtembeza mlinzi kutoka kibandani mpaka kitini. Kazi yake ilikuwa safi, hakuna aliyemlaumu.

Walipotoka kunywa chai, alibaki. Alijua mashine kiasi cha kubonyeza vifungo vinavyohitajika. Alikata kipande cha kitini na sauti ya msusi, akaacha mlinzi akiingia kibandani na mlango ukifungwa. Kisha akavaa buti, akapanda kwenye trei, akarekodi hatua nyingine nyuma ya ule mlango uliofungwa: mguu mzima, mguu wa kuburuta, mguu mzima, zikififia kuelekea ndani. Fundi hakusikiliza tena mwisho wa kipindi. Alikuwa ameshausikia mara tatu na ulimtosha.

Alhamisi jioni kikarushwa hivyo. Mama mkwe alisikiliza macho yakiwa yamefumbwa. Mlango wa kibanda ulipofungwa, mikono yake ilianza kutetemeka. Hatua zilipoendelea nyuma ya mlango, ikatulia.

"Kumbe yupo," alisema.

"Yupo, Mama."

Simu ya Mama Viatu iliita mara nyingi usiku ule. Ilikuwa ni mwandishi. Hakupokea.

*

Ijumaa, jua likiwa kali bado, Mama Viatu alikuwa akisugua sufuria na mama mkwe akichambua mchele kwenye ungo. Nyumba yao ilikuwa na kokoto kutoka getini, halafu, mbele ya mlango wa jikoni, mchanga wa kujengea ambao marehemu aliumwaga kwa ajili ya chumba ambacho hakikujengwa. Mvua zilikuwa zimeutandaza uwanja mzima.

Geti halikulia. Kokoto ndizo zilizolia. Mguu mzima, mguu wa kuburuta, mguu mzima. Kisha sauti ikawa laini, imefika mchangani. Ikasimama nje ya mlango.

Mchele uliacha kurushwa. Mlango ulikuwa umerudishwa tu, na komeo halikuwa limesukumwa. Mama Viatu alitembea, sufuria mkononi, akalisukuma.

Walikaa hivyo mpaka kivuli cha dirisha kikahama kutoka mezani hadi ukutani. Walipofungua, hapakuwa na mtu. Kulikuwa na alama: buti kubwa, soli iliyolika upande wa nje, zikija kutoka kwenye kokoto hadi kizingitini. Hazikurudi.

Mama mkwe alishika fremu ya mlango, akainama kadiri mgongo ulivyomruhusu.

"Huyu si mwanangu," alisema.

"Mama, twende ndani."

"Mwanangu aliumia goti la kushoto. Mimi ndiye niliyelikanda kwa maji ya moto mwaka mzima, sitalisahau. Tazama mfereji ule. Huyu anaburuta wa kulia."

Mama Viatu alitazama. Kila alama ya kulia ilikuwa na mkia mrefu nyuma yake. Kisha akaona jambo la pili, ambalo mama mkwe hakuweza kuliona kwa kuwa hakuwahi kuingia studio. Hatua zilikuwa fupi mno kwa mtu mwenye buti za ukubwa ule. Zilikuwa hatua za mtu anayejibana asikanyage nje ya trei.

Aliweka sufuria chini, akasimama juu ya mchanga, akapiga hatua bila kusogea kama alivyofanya kila wiki. Mguu wake wa kulia ndio ulioburuta. Alikuwa amesimama uso kwa uso na mumewe na kumwiga kama mtu anavyoiga kioo: kushoto kwa yule, kulia kwake. Redio haina kushoto wala kulia, kwa hiyo hakuna aliyewahi kugundua, hata yeye mwenyewe. Miezi yote hii hakuwa amemtembeza mumewe. Alikuwa ametengeneza mtu mwingine, akampa buti za mumewe na kikohozi chake, akamfungia kibandani bila shahidi.

Jumamosi asubuhi kitu kile kilikuja tena. Safari hii mkono wa kitasa ulishuka taratibu, ukapanda. Nje mtu alikohoa. Kilikuwa kikohozi kilekile cha kwenye mashine, na kilikatika pale pale fundi alipokuwa amekikata.

Mama mkwe alikuwa amesimama mlangoni. Vidole vyake vilikuwa juu ya komeo.

"Mama!"

"Najua si yeye," alisema bila kugeuka. "Nimekwambia mwenyewe. Lakini akikohoa, mkono unakwenda wenyewe. Mwanangu, mimi leo nimejizuia. Kesho sikuahidi."

*

Mwandishi alifika mchana huo na fundi mitambo nyuma yake. Alikuja na maneno makali tayari mdomoni, akaziona alama. Alitembea kando ya alama, mikono nyuma, akaenda mpaka zinapoanza na kurudi.

Fundi alijaribu. "Labda mwizi."

"Mwizi gani anajifunza kuchechemea kwanza?" mwandishi alisema. Akamgeukia Mama Viatu. "Uliongeza hatua."

"Niliongeza."

"Na ukamkata msusi."

"Nilimkata."

"Kwa nini, shemeji? Nilikuomba."

Alitaka kusema lililo kweli tu. "Sikumwona akifa. Mimi nilikuwa kwenye foleni ya dawa. Wewe ulikuwa safarini. Kila mtu ananiambia amekufa, na mimi nimeona blanketi tu."

Mwandishi alivua miwani, lakini hakuifuta. Waliafikiana kwa maneno machache. Wangerekodi kifo upya kesho, Jumapili, jengo likiwa tupu, na kituo kingeombwa kukirusha palepale mchana kama sehemu ya nyongeza. Msusi alikuwa ukweni, mbali, simu yake haipatikani. Ambaye angemwona mlinzi akifa ilibidi awe mtu mwingine.

"Mimi," Mama Viatu alisema.

"Hujawahi kusema hewani."

"Maneno ni mangapi hayo? Nitayaweza."

Mama mkwe, ambaye walidhani amelala, aliita kutoka chumbani: "Na mimi nakuja. Mimi sibaki na huyo peke yangu."

*

Jumapili saa nne asubuhi fundi aliwasha taa za studio. Alimletea mama mkwe kiti, akamwuliza kama hataogopa giza la mle ndani.

"Baba, mimi nimezaa watoto saba kwa mwanga wa kibatari. Washa mashine yako."

Mama Viatu alisema hatamzika mumewe kwa mguu wa mtu mwingine. Alitaka mlinzi aende kwenye kiti kwa mwendo wa kweli, wa kushoto. Alivaa buti, akapanda kwenye trei ya kokoto, fundi akampa ishara. Mguu wa kulia ukaburuta. Alisimama, akaomba radhi, akaanza tena. Kulia. Alijaribu kuutazama mguu, alijaribu kufumba macho, alimwambia mwandishi amshike nyonga. Mara zote mwili ulimrudisha kulekule. Alijaribu kuukumbuka mwendo wa mumewe akitoka bafuni, akienda dukani, akimfuata nyuma na mfuko wa mkaa, na kila picha ilimjia ikiwa imegeuzwa. Hakuwa nao tena. Alijua hivyo kama mtu anavyojua kuwa ufunguo haumo mfukoni: alikuwa ameshapekua kote.

Alishuka kwenye trei.

"Nipe hizo buti," mama mkwe alisema.

"Mama, ni kubwa."

"Nilimbeba mwenyewe, nitabeba na viatu vyake. Nivalishe."

Walizijaza magazeti. Mwandishi alimshika mkono mmoja, fundi akataka kumshika mwingine, akafukuzwa arudi kwenye mashine. Yule bikizee alisimama juu ya kokoto, akashusha pumzi, akaanza. Mguu wa kulia mzima. Wa kushoto akauburuta, kwa kukata kidogo katikati, kama mtu anayeomba goti limruhusu. Mwandishi aliangalia pembeni. Mama Viatu hakuangalia pembeni. Aliusikia ukipita na kuutambua, na hapohapo akajua kwamba hata sasa asingeweza kuuiga.

Nyuma ya kioo fundi alikuwa ameinuka nusu. Alionyesha kwa kidole upande wa pili wa trei, kisha masikio yake, kisha akatingisha kichwa. Baadaye alisema kwamba katika hedifoni kulikuwa na watembeaji wawili wakitazamana, hatua kwa hatua, na kwamba wa pili aliburuta wa kulia. Mkanda aliorekodi una wote wawili. Ndani ya chumba wao watatu walisikia mmoja.

Mama mkwe alifika kwenye kiti. Akakaa. Mti wa kiti ukalia, kisha pakawa kimya, na mwandishi akamgusa Mama Viatu begani.

Alisogelea kipaza sauti. Aliona mwanamke mzee kitini, buti kubwa miguuni, kidevu kimeegemea kifua, macho yamefumbwa.

"Mlinzi," alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo na kavu kuliko alivyotarajia. "Mlinzi wa tangi amekufa. Nimemwona mimi."

Fundi aliacha mashine iende mpaka kimya kilipotosha. Mama mkwe alifumbua jicho moja.

"Nivueni basi. Kidole kimekufa ganzi."

Kilirushwa saa nane mchana. Walikisikiliza wote wanne palepale studio, na hakuna aliyepiga simu kuuliza kitu. Mwandishi akawarudisha nyumbani kwa gari. Kabla giza halijaingia Mama Viatu alichukua reki, akafuta alama zote mchangani, kuanzia kizingitini mpaka kwenye kokoto, akaacha uwanja ukiwa sawa kama shuka. Akafunga geti kwa kufuli, akasukuma komeo la jikoni. Usiku ule hakuna kilichokuja. Mama mkwe alikoroma. Yeye alilala pia.

Jumatatu asubuhi, jua likichomoza, alifungua mlango wa jikoni. Kufuli la geti lilikuwa limefungwa kama alivyoliacha. Juu ya mchanga kulikuwa na alama za miguu mitupu ya mwanamume, hatua ndefu, mkia wa kuburuta ukiwa nyuma ya mguu wa kushoto. Zilianzia kizingitini, zikitoka ndani ya nyumba, zikaenda moja kwa moja mpaka kwenye kokoto za getini. Za kuingia hazikuwepo.